Kitufe Namba Moja

Mzee Egide alikiri kabla hajaulizwa. Mkaguzi Msaidizi Kabula Mwandu alikuwa bado anavuta kiti, kalamu haijafunguliwa, mzee akasema, "Mimi ndiye niliyemuua yule binti, afande. Andika hivyo hivyo tuishe."

Kabula akaketi. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Alhamisi iliyopita, Lucia Melkior, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya kutoka Usevya, alikuwa amefia ndani ya chumba cha kurekodia muziki mtaa wa Makanyagio, hapa hapa Mpanda mjini. Mzee Egide alikuwa mlinzi wa studio hiyo. Alikuwa mahabusu tangu Ijumaa, na viatu vyake visivyo na kamba vilimpwaya alipokuwa akitembea.

"Ulimuua kwa namna gani, mzee?"

"Kwa jenereta. Niliitoa barazani nikaiweka nyuma ya nyumba, chini ya lile tundu la nyaya. Moshi ukaingia. Daktari si kasema ni moshi?"

"Kasema ni moshi. Kwa nini uliihamisha?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na bosi. Fabiani. Alitoa kichwa mlangoni akasema, mzee, hiyo kelele inaingia kwenye wimbo, ipeleke nyuma. Yeye anasema hakuniambia. Hakuna mtu mwingine aliyesikia." Mzee akageuza viganja vyake juu ya meza, akavitazama. "Na hata kama niliambiwa, iliyoibeba ni mikono hii. Nimelinda pale miaka sita. Tangu nitoke Mishamo sijawahi kufanya kazi nyingine. Nilijua tundu liko wapi."

"Ulijua moshi unaua?"

"Sikujua. Sasa najua."

Kabula aliandika yote, akamsomea, mzee akatia dole gumba. Kisha akalipeleka jalada kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, ambaye alilisoma akiwa amesimama.

"Umemaliza," mkuu alisema. "Una daktari, una maungamo. Liende kwa mwanasheria wa serikali."

"Naomba leo tu, afande."

"Ya nini?"

Kabula alifungua ripoti ya daktari, akaweka kidole kwenye mstari wa tisa. "Hapa. Moshi wa namna hii haumwangushi mtu papo hapo. Unachukua nusu saa, pengine zaidi. Kichwa kinauma, miguu inaisha nguvu. Na hapa, michubuko kwenye vifundo vya vidole vya mikono yote miwili. Aligonga mlango. Fabiani katika maelezo yake anasema alikuwa anamsikiliza kwa spika muda wote, binti aliimba vizuri, akanyamaza ghafla, yeye akafungua mara moja akamkuta chini." Akafunga ripoti. "Mtu aliyesimama mbele ya maiki, anayesikilizwa, hafi kimyakimya kwa nusu saa."

Mkuu alimtazama kidogo. Kabula alikuwa amerudi kutoka likizo ya msiba wiki mbili zilizopita, alikwenda Sibwesa kumzika mama yake, na tangu arudi alizungumza hivi, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Wenzake walikuwa wameacha kumpa pole.

"Leo tu," mkuu akasema.

*

Dereva wa bajaji aliyempeleka Lucia hospitali aliitwa Hezron. Kabula alimkuta kijiweni akipangusa kioo kwa gazeti. Konstebo Maiko, aliyefuatana naye, alisimama pembeni na daftari.

"Ulifika pale studio saa ngapi?"

"Sijui saa, afande, lakini nilikuwa nimepaki ng'ambo ya barabara. Fabiani akatoka anapiga kelele, njooni, njooni. Mimi na yule mama wa duka tukaingia. Dada amelala kifudifudi, hedfoni bado shingoni. Tukambeba."

"Nani alipanda bajaji?"

"Mama wa duka kakaa nyuma, kamlaza mapajani. Mimi naendesha."

"Na Fabiani?"

"Hakupanda. Nafasi ingepatikana, lakini akasema nendeni, nawafuata kwa bodaboda. Akarudi ndani." Hezron akasita, gazeti mkononi. "Nilifikiri anakwenda kuchukua simu."

"Hospitali alifika baada ya muda gani?"

"Sisi tulishapokelewa, tulishaambiwa kwamba tumechelewa, tumekaa nje. Ndio akafika."

Maiko alinyanyua kichwa. Katika maelezo yake yaliyoandikwa Alhamisi jioni, Fabiani alikuwa amesema, *Nilimbeba marehemu kwa mikono yangu hadi hospitali.* Kabula alimshukuru Hezron, akamwambia asiende mbali na mji, akapanda gari.

"Ameongopa, afande," Maiko akasema wakishaondoka.

"Watu huongopa hivyo ili waonekane wema. Bado si kitu. Pitia redio, tumchukue dada Theopista."

Theopista alikuwa fundi mitambo wa redio moja ya jamii pale mjini, mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, aliyevaa fulana yenye mifuko na kubeba bisibisi kwenye mfuko wa kifuani mahali ambapo wengine huweka kalamu. Alikubali kuja kwa sharti moja tu, kwamba asilazimishwe kuingia ndani ya kile chumba.

"Nilimfundisha kushika maiki," alisema. "Alikuja redioni kuimba Pasaka."

"Hutaingia," Kabula alimwambia.

*

Studio ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, yenye bati jekundu na baraza ya saruji. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, kompyuta, spika mbili kubwa na moja ndogo, na kiti kimoja cha magurudumu. Chumba cha nyuma ndicho cha kuimbia. Kuta zake zilikuwa zimevishwa magodoro kuanzia chini hadi darini, hakikuwa na dirisha, na mlango wake mzito nao ulikuwa umepigiliwa godoro. Kwa kuwa mbao zilikuwa zimepinda na mlango haukushika vizuri, Fabiani alikuwa ameweka komeo kwa nje ili kuubana. Mwimbaji akiwa ndani, komeo lilisukumwa likafunga, naye hakuweza kujifungulia. Kule ndani, karibu na sakafu, kulikuwa na tundu la kupitisha nyaya, kubwa kama kiganja, likitazama uani.

Fabiani mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mbele, mikono nyuma. Kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyenyoa vizuri, shati jeupe. Alikuwa amelia siku ya kwanza, mbele ya watu wengi. Leo macho yake yalikuwa makavu.

"Karibuni afande. Dada Theo, karibu. Sijagusa kitu, kama mlivyoagiza."

"Washa mitambo," Kabula alisema. "Kama siku ile."

Fabiani akawasha. Mbele ya kompyuta kulikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa tofali, chenye duara moja kubwa la kuzungusha na vitufe vinne vilivyoandikwa namba. Taa zilipepesa, kisha ikabaki moja tu, nyekundu, juu ya kitufe namba moja.

"Picha yetu ya Alhamisi," Kabula alimwambia Maiko. Maiko alifungua simu. Katika picha iliyopigwa na polisi wa kwanza kufika, mitambo ilipowashwa, taa ilikuwa hapo hapo, namba moja.

"Dada Theopista, nieleze mimi nisiyejua. Hiki ni nini?"

"Hiki hakirekodi kitu," Theopista alisema. "Kazi yake ni kuamua wewe uliyekaa kwenye kiti usikie nini. Spika zipi, sauti kubwa kiasi gani, maiki ya chumbani isikike hapa au isisikike. Ukishapanga unavyotaka, unashikilia kitufe mpaka taa ipepese mara tatu. Hapo kimehifadhi. Kesho ukikigusa tu mara moja, kinakurudishia vile ulivyopanga, huna haja ya kuhangaika upya. Na ukizima ukawasha, kinaanza na namba moja."

"Sahihi," Fabiani alisema. "Na namba moja ndio setingi yangu ya kumsikiliza mwimbaji. Ndio nilikuwa nayo siku ile. Mjaribu wenyewe."

"Maiki ingeweza kuzimika?" Kabula alimuuliza.

Fabiani alishusha pumzi kama mtu aliyekuwa analisubiri swali hilo. "Ndicho nilichofikiria usiku kucha, afande. Ule waya ni wa zamani. Unakatakata. Pengine aliita, mimi nikasikia kimya, nikadhani anapumzika. Halafu nikaona muda unazidi, nikafungua."

"Katika maelezo ulisema aliimba, akanyamaza, ukafungua mara moja."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa."

Theopista aliukagua waya wote, kutoka kwenye kisanduku hadi mlangoni, na Maiko akaendelea nao ndani hadi kwenye maiki. Walichukua dakika kumi. Waya ulikuwa mpya, bado una karatasi ya dukani upande mmoja. Maiko akabaki ndani, mlango wazi kwa amri ya Kabula, akasoma kurasa za daftari lake kwa sauti. Sauti yake ikajaa chumba cha mbele, hadi kukohoa kwake kulisikika.

"Unasikika," Kabula akasema. "Namba moja inafanya kazi."

"Si nimewaambia," alisema Fabiani.

Theopista alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Alifungua kwenye kompyuta programu iliyofuatana na kile kisanduku. Safu nne zikatokea, kila moja na jina fupi na tarehe. Akainama karibu na kioo.

"Afande, njoo uone. Namba mbili imehifadhiwa mwezi wa tatu. Namba tatu, mwezi wa tatu. Namba nne, mwezi wa tatu, siku ile ile, ndipo aliponunua bila shaka. Namba moja..." Akanyamaza, akahesabu kwa midomo. "Namba moja imehifadhiwa Alhamisi. Saa tisa na dakika hamsini na saba."

Kabula alitoa simu yake, akailinganisha na saa ya kompyuta. Zilikuwa sawa, dakika kwa dakika. Akaliandika hilo nalo.

"Fabiani. Mama wa duka alimpigia mume wake simu akiwa kwenye bajaji, saa tisa na dakika hamsini na moja. Nimeiona kwenye simu yake. Saa tisa na hamsini na saba Lucia alikuwa njiani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... nilikuwa nafuata nyuma."

"Hezron anasema ulirudi ndani."

"Kuzima mitambo. Nilirudi kuzima mitambo, afande, ili isiungue."

"Kuzima hakuhifadhi kitu," Theopista alisema bila kugeuka. "Hapa ni lazima kidole kikae kwenye kitufe mpaka taa ipepese mara tatu. Huwezi kukosea."

Juu ya sauti ya Maiko, kutoka uani alisikika kuku mmoja, kisha pikipiki barabarani.

"Dada Theopista," Kabula akasema, "kilichokuwamo kwenye namba moja kabla ya hapo, kimepotea?"

"Kwa wengi kingepotea. Hii programu, ukihifadhi juu ya mpangilio wa zamani, inauweka ule wa zamani kando, endapo utajuta." Alisogeza kishale, akafungua dirisha dogo. "Huu hapa. Niuite?"

Fabiani alisogea hatua moja. Kabula aliweka mkono wake mbele yake, hakumgusa.

"Uite."

Theopista akabonyeza. Taa ikabaki pale pale, nyekundu, namba moja. Sauti ya Maiko, aliyekuwa bado anasoma kule ndani, ikakatika kwenye spika.

"Maiko, funga mlango," Kabula alisema. "Komeo hatutalisukuma. Kisha soma kwa sauti kubwa, halafu gonga."

Mlango wa godoro ukafungwa. Hapakusikika neno. Kisha, kwa mbali sana, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu, wakasikia pigo, na pigo lingine.

"Kugonga kunasikika kidogo," Kabula alimwambia Fabiani. "Siku ile ulikuwa unapiga nini kwenye spika?"

Theopista akatafuta kazi ya mwisho iliyofunguliwa Alhamisi na kuipata: tangazo la duka la mbegu, dakika moja, ngoma na kinanda na mtu akitaja aina za mahindi. Akaliachia. Chumba kikajaa ngoma. Mapigo ya mlangoni yakatoweka kabisa.

Lakini chini ya kioo cha kompyuta, kwenye ukingo, mstari mwembamba wa kijani ulikuwa unapanda na kushuka. Ulipanda, ukatulia, ukapanda tena kwa ghafla, ukagusa nyekundu. Kabula aliutazama.

"Huo ni nini?"

"Maiki ya kule ndani," Theopista alisema. Ilimbidi apaze sauti juu ya ngoma. "Kisanduku kimemkatia aliyekaa hapa asisikie. Lakini maiki iko hai. Huo mstari unaonyesha kuna sauti inaingia. Kila aliye ndani anapogonga, kila anaposema."

"Zima tangazo." Kabula akaufungua mlango. "Maiko, toka."

Maiko akatoka, jasho linamtiririka shingoni ingawa mlango ulifungwa dakika nne tu. Kabula alimgeukia Fabiani. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Nitasema, wewe unisahihishe. Kazi zako nyingi unafanya peke yako, kwa hiyo namba moja uliipanga ya kazi hizo. Maiki ya chumbani imekatwa. Alhamisi ulianza na namba mbili, ya kusikiliza waimbaji. Lucia akaimba kidogo. Lile tangazo lilitakiwa jioni ile ile, ukamwambia aendelee kufanya mazoezi, ukagusa namba moja ukafanya kazi yako. Alipokufa ungeweza kubonyeza namba mbili tu ukaondoka. Lakini ulijua jenereta itazimwa, polisi watawasha upya, na mitambo itaanza na namba moja, na namba moja itakuwa kimya. Ndiyo maana ulirudi."

Fabiani alikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Shati lake jeupe likashika vumbi la ukuta.

"Ulikuwa unauona ule mstari?" Kabula akauliza.

"Nilikuwa nauona."

"Ukafikiri nini?"

"Nilidhani anaimba."

Maiko aliandika. Kalamu yake ilisikika ikikwaruza karatasi.

"Na jenereta? Nani alisema ipelekwe nyuma?"

"Mzee mwenyewe. Hilo naapa, afande. Hilo siwezi kubeba. Mimi ni uzembe tu, hata wewe umeona. Jenereta ni ya mzee."

Kabula akamuuliza Theopista, "Kwenye maelezo yake amesema kazi ya Lucia ilipotea, kompyuta ilizimika. Ni kweli?"

Theopista alikuwa ameshaanza kutafuta. "Kompyuta ina betri pembeni, hii hapa chini ya meza. Haikuzimika. Aliifunga kazi, ikamuuliza, nihifadhi? Akasema hapana." Aliendelea kufungua folda moja baada ya nyingine. "Jina la kazi halipo. Lakini sauti inayopita kwenye maiki inaandikwa kwenye diski pale pale, sekunde kwa sekunde, hata kabla hujaulizwa. Kinachosikika kwenye spika ni njia moja, kinachorekodiwa ni njia nyingine. Ukikataa kuhifadhi kazi, hii ya sauti inabaki imelala tu bila mwenyewe." Mkono wake ukasimama. "Ipo. Alhamisi, kuanzia saa nane na dakika arobaini. Urefu wake saa moja na dakika nne."

Theopista aliinuka kwenye kiti, akatoka hadi barazani, akasimama na kuwapa mgongo.

"Maiko, mpeleke Fabiani kwenye gari," Kabula alisema. "Mfunge pingu. Mweleze kosa lake kwa Kiswahili cha kawaida, asije akasema hakuelewa."

Alivuta kiti, akavaa hedfoni, akafungua ukurasa mpya. Alisikiliza yote, saa moja na dakika nne, kwa kuwa kielelezo husikilizwa chote. Alipotaka kuruka mahali, hakuruka. Aliandika saa upande wa kushoto na maneno upande wa kulia, kwa mwandiko ule ule tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na alipomaliza alivua hedfoni akaziweka juu ya meza, waya umekunjwa.

Mstari wa pili katika ukurasa wake ulisomeka hivi: *Saa 8:43. Sauti ya Fabiani, ndogo, kutoka kwenye hedfoni alizovaa marehemu: "Subiri kidogo Lucia. Nimemwambia mzee aihamishie nyuma hiyo jenereta, inatuharibia."*

*

Kituoni, saa tisa kasoro, Kabula mwenyewe alimtoa Mzee Egide mahabusu. Alimrudishia kamba za viatu, begi, na rozari, na kitabu cha vitu vya mahabusu akamfungulia mahali pa kutia dole.

"Mzee Egide, unakwenda nyumbani. Utaitwa kuwa shahidi."

"Shahidi wa nani? Mimi nimeua."

"Uliambiwa uihamishe. Imesikika."

"Imesikika wapi? Hakukuwa na mtu."

"Lucia alikuwa amevaa hedfoni. Bosi wako alimwambia yeye kwamba amekuagiza. Maiki ikaidaka."

Mzee alishika kamba za viatu bila kuzifunga.

"Kwa hiyo yeye ndiye aliyenitetea," Mzee Egide alisema mwishowe.

"Ndiyo."

Mzee alitoka hadi kwenye korido. Kwenye benchi la mbao alikuwa ameketi mwanamume mrefu, mkulima wa mpunga, kofia ameiweka gotini. Alikuwa Melkior, baba yake Lucia, aliyekuwa akisubiri kibali cha kuuchukua mwili kuupeleka Usevya. Alikuwa amesubiri siku nne. Egide alisimama mbele yake.

"Mimi ndiye yule mlinzi," alisema.

Melkior alimtazama kutoka miguuni hadi usoni. Wote wawili walikuwa wa rika moja. Kisha akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi, na Egide akaketi.

Kabula aliwaletea kibali. Kilikuwa kimetiwa sahihi na muhuri. Melkior alikikunja, akakiweka mfuko wa ndani wa koti, lakini hakuinuka.

"Afande, nimesikia pale nje kwamba sauti yake imepatikana."

"Ndiyo, baba. Ni kielelezo. Hutaweza kuisikia mpaka mahakama imalize."

"Wewe umeisikia."

"Nimeisikia. Nimeiandika."

"Basi nisomee."

Kabula alisimama na daftari. Sheria haikumlazimu, wala haikumkataza. Alikaa mwisho wa benchi, upande wa pili wa Melkior, akafungua ukurasa, akasoma kama alivyoandika.

"Saa nane na dakika hamsini. Anaimba ubeti wa kwanza na wa pili. Saa tisa na dakika tano. Sauti ya Fabiani inamwambia arudie rudie mwenyewe, anamsikiliza. Saa tisa na dakika kumi na mbili. Anasema, kaka Fabiani, kuna harufu ya moshi huku. Saa tisa na dakika kumi na saba. Anasema, kaka, kichwa kinaniuma, nifungulie kidogo. Saa tisa na dakika kumi na tisa. Anagonga. Saa tisa na dakika ishirini. Anagonga, anaita. Saa tisa na dakika ishirini na tatu. Anataja majina: Baba, Agripina, Sesilia, baba." Alifungua ukurasa wa pili. "Saa tisa na dakika ishirini na nane. Anasema, pengine anasikia nikiimba tu. Anaanza ubeti wa kwanza tena, polepole. Mistari mitatu. Saa tisa na dakika thelathini na moja. Kimya. Kuanzia hapo ni jenereta peke yake, mpaka mlango unafunguliwa, saa tisa na dakika arobaini na nne."

Egide alikuwa ameinamisha kichwa hadi magotini. Melkior hakusogea. Alikuwa anatazama ukuta wa mbele, ambapo palikuwa na bango la namba za simu za dharura.

"Saa tisa na nusu," Melkior akasema. "Alhamisi."

"Ndiyo, baba."

"Tumevuna mwezi wa sita. Sasa hivi shambani hakuna kitu." Aliigeuza kofia yake upande mmoja, halafu mwingine. "Nilikuwa nimekaa tu nyumbani. Nimekaa kwenye kiti, simu iko mfukoni. Sikuwa na kazi yoyote."

Kabula alifunga daftari. Akabaki ameketi nao pale benchini, watu watatu, hadi gari la kubeba mwili lilipoingia getini na dereva akashuka kuuliza ni nani mwenye msiba.